Kuagiza Mali Ng'ambo

Watu wa kwetu wakikutana na mwalimu njiani humwuliza habari za ng'ambo, kwa kuwa hudhani kwamba mtu aliyesoma vitabu vya ng'ambo hakosi kuijua na biashara ya huko. Mimi nami nilijidhania hivyo. Leo nataka kuwasimulia wasomaji jinsi nilivyomsaidia dada yangu kuagiza miavuli kutoka Uchina katika mwaka wa 2018, na mambo yaliyotupata, maana nawaona vijana wengi wa vijiji vyetu wameazimia kufanya kazi hii, na ni wachache wanaoelezwa mambo yake kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kwetu ni Rungwe, karibu na Tukuyu, katika nyanda za juu za kusini ya Tanzania, nchi ya ndizi na chai na mvua. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba, wala hazikomi mpaka Mei, na katika Aprili mtu aweza kukaa siku nyingi asilione jua. Basi mwavuli kwetu si pambo. Mama aendaye sokoni na mtoto mgongoni anao, mzee aendaye barazani anao, na mwalimu asiye na mwavuli hufika darasani amelowa, wanafunzi wakamcheka. Dada yangu ni mjane mwenye duka dogo sokoni. Kila mwaka alikuwa akinunua miavuli kwa wafanya biashara wa jumla wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambao nao waliiagiza Uchina. Siku moja akanijia nyumbani jioni, akaketi, akaweka mwavuli mezani mbele yangu, akasema, "Mwalimu, huu nimeununua Kariakoo kwa shilingi elfu saba na mia tano. Aliyeniuzia kaununua wapi, na kwa kiasi gani? Wewe unajua Kiingereza. Niulizie."

Nikauliza. Siku hizi kuuliza ni jambo jepesi, kwa maana viwanda vya Uchina hujitangaza katika intaneti, na mtu akiwa na simu yake Tukuyu aweza kuandikiana na mwenye kiwanda kana kwamba wako mtaa mmoja. Kwa siku tatu nilipata majibu kumi na moja. Mmoja wao, mwenye kiwanda katika mji mmoja wa mashariki ya Uchina, akasema atatuuzia miavuli meusi mirefu yenye mbavu nane kwa dola moja na nusu kila mmoja, tukiagiza 2,400. Wakati ule dola moja ilikuwa kama shilingi 2,280, maana yake mwavuli mmoja ni shilingi 3,420. Dada aliweza kuuuza kwa shilingi 9,000. Nilipoliona hesabu hilo moyo wangu ulidunda. Nikamwambia dada kwamba tumekuwa wajinga miaka yote, tukiwatajirisha watu wa Kariakoo.

Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza, nami nalieleza kwa urefu kwa sababu naliona kila siku katika maneno ya vijana. Katika barua ya yule mwuzaji palikuwa na herufi tatu baada ya bei, nazo ni FOB, na baada yake jina la bandari ya huko. Mimi nilizipita kama mtu apitavyo alama asiyoijua. Kumbe herufi zile ndizo zilizokuwa na habari yote. Maana yake ni kwamba bei ile humfikisha mnunuzi melini tu, katika bandari ya Uchina. Tangu hapo nauli ya bahari ni yako, bima ni yako, na mali ikipotea njiani hasara ni yako. Kuna herufi nyingine, CIF, ambazo maana yake ni kwamba bei imekwisha kutiwa bima na nauli hata bandari yako. Na kuna EXW, ambayo ni bei ya mlangoni mwa kiwanda, nayo huonekana rahisi kuliko zote. Mtu akilinganisha bei tatu za wauzaji watatu bila kutazama herufi hizi, hulinganisha ndizi na chumvi.

Aliyetufungua macho ni wakala mmoja wa forodha, mzee aliyepata kukaa Dar es Salaam miaka mingi. Alichukua kalamu akatuandikia hivi. Miavuli 2,400 kwa dola moja na nusu ni dola 3,600. Nauli na bima, dola 400. Jumla dola 4,000, na hiyo ndiyo thamani ambayo forodha huitazama. Ushuru wa bidhaa kama hizo, zilizokwisha kutengenezwa, ulikuwa asilimia 25 kwa nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi dola 1,000. (Tangu Julai mwaka 2022 baadhi ya bidhaa zilizotengenezwa zimewekwa katika daraja jipya la asilimia 35, kwa hiyo mwenye kuagiza na aulize kwanza bidhaa yake iko daraja gani.) Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, nayo haihesabiwi juu ya zile 4,000 tu, bali juu ya 4,000 pamoja na ushuru wake, yaani 5,000, hizo ni dola 900. Kodi juu ya kodi! Dada alimwuliza mara mbili kama amesikia vema. Kisha tozo ndogondogo, gharama za bandari, ujira wa wakala, na lori la kutoka Dar es Salaam hata Tukuyu, akakadiria dola 700. Jumla yote 6,600. Gawanya kwa 2,400, utapata dola mbili na robo tatu, yaani shilingi 6,270 kwa mwavuli uliofika dukani.

Dada akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Kwa hiyo watu wa Kariakoo hawakuwa wakiniibia sana." Lakini faida ilikuwapo bado, nasi tukaamua kuendelea. Zilitakiwa shilingi milioni kumi na tano. Yeye alikuwa na saba, na ndani ya hizo saba zilikuwamo karo za mwanawe wa kidato cha pili, aliyekuwa akisoma katika shule ya kanisa. Kikundi chao cha akina mama cha kuweka na kukopa kilimpa tano, zirudi mwisho wa Juni. Mimi nilikopa tatu katika chama chetu cha waalimu.

Nikiwa mwalimu wa jiografia sikuweza kujizuia kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba jambo tulilofanya si jipya katika nchi hii. Vipande vya vyombo vya Uchina vimefukuliwa katika magofu ya Kilwa, navyo vina umri wa mamia ya miaka. Na neno merikani, ambalo bibi zetu walilitumia kwa kitambaa kigumu cha pamba, limetokana na Marekani, kwa kuwa kitambaa hicho kililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani, nyingi zikitoka mji wa Salem, tangu zamani za Sayyid Said, aliyefanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Kitambaa hicho kilipendwa mpaka bara, hata kikawa kama fedha. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza huko Marekani, mwaka 1861 hata 1865, pamba ikakosekana, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikashika nafasi yake. Mfanya biashara wa Unguja hakupigana vita ile, lakini ilimfikia dukani.

Tena nikawaeleza habari za shanga. Burton, Mwingereza aliyesafiri kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hata 1859, aliandika kwamba wafanya biashara wa misafara walikuwa wakijisumbua sana juu ya rangi na ukubwa wa shanga, maana kila nchi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulibadilika. Msafara uliochukua shanga zilizopendwa mwaka jana uliweza kufika bara ukakuta hakuna azitakaye, wakapagazi wamekwisha kula na njia imekwisha kupitwa. Wanafunzi walifurahi. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, je, miavuli ya dada yako ikifika watu wakiwa hawaitaki?" Nikamjibu kwamba mvua haina mtindo. Jibu hilo lilikuja kunisuta baadaye.

Sasa nirudi kwenye barua. Kazi ya kuandika mapatano ilikuwa yangu, nami niliifanya kwa fahari. Niliandika Kiingereza safi, hakuna kosa la sarufi hata moja, na salamu za heshima mwanzo na mwisho. Yule mwuzaji alitutumia sampuli mbili, tukazilipia nauli ya ndege. Dada alizifungua na kuzifunga mara nyingi, akasimama nazo uani siku ya upepo, akaning'iniza ndoo ya maji katika ubavu mmoja. Akasema, "Hii hii." Nami nikaandika katika agizo: miavuli myeusi, mirefu, mbavu nane, mpini wa mti, 2,400. Mwuzaji akarudisha ankara yenye maneno yale yale, nasi tukakubali.

Masharti ya malipo yalikuwa kama ilivyo desturi kwa mali kidogo: asilimia 30 kwanza, ili kiwanda kianze kazi, na 70 mali ikiwa tayari, kabla hawajatupa hati ya shehena. Tulipeleka dola 1,080 kwa benki. Ipo njia nyingine iliyo salama zaidi, ambapo benki yako inamwandikia mwuzaji barua ya kudhamini malipo, naye hapati fedha mpaka alete hati zote kama zilivyotajwa, lakini benki hutoza ujira wake, na kwa agizo dogo kama letu ujira ule ungekula faida. Wenye uwezo husafiri wenyewe. Maonyesho makubwa ya Guangzhou yamekuwapo tangu mwaka 1957, nayo hufanyika mara mbili kila mwaka, na wafanya biashara wengi wa Kariakoo huenda huko, huitazama mali kwa macho yao, huikabidhi kwa mawakala wa mizigo ambao hukusanya ya watu wengi katika kontena moja, kila mtu akilipa kwa mita za ujazo alizojaza. Sisi tulikuwa na mita tatu tu.

Fedha zile tulizipeleka mwanzo wa Desemba. Tulichelewa, kwa sababu dada alilazimika kwanza kupata namba ya mlipa kodi na hati nyingine kwa jina lake. Wako mawakala waliomwambia awaachie wao, mzigo uingie kwa jina lao, yeye alipe kwa mita tu asiulize kitu. Akakataa. Alisema, "Mali isiyo na jina langu, ikizuiliwa nitalia kwa nani?" Kiwanda kilituahidi siku arobaini na tano. Nikahesabu: katikati ya Januari itakuwa tayari, mwishoni mwa Februari itakuwa Dar es Salaam, na katika Machi tutakuwa tunauza, mvua ikiwa katika nguvu zake.

Jambo nisilolijua, na ambalo mtoto yeyote wa Uchina angeweza kuniambia, ni mwaka wao mpya. Haufuati kalenda yetu. Mwaka 2019 uliangukia tarehe 5 Februari. Majuma kadhaa kabla ya siku hiyo wafanya kazi wa viwandani huanza kurudi kwa wazazi wao, wengine mbali sana, na viwanda hufungwa. Na baada ya sikukuu hawarudi wote kwa siku moja, na wengine hawarudi kabisa, huenda kutafuta kazi kwingine. Basi Januari mwuzaji akaandika kwamba vitambaa vimechelewa. Mwishoni mwa Januari hakujibu tena. Dada akawa anapita shuleni kila siku saa ya mapumziko, anasimama chini ya mti, haniulizi kitu, ananitazama tu. Nami natikisa kichwa, anakwenda zake. Siku kumi na nane zilipita hivyo.

Nalitafakari jambo hili sana wakati ule. Babu zetu wa pwani walijua kwamba majahazi huja na kaskazi na kurudi na kusi, wakapanga biashara yao yote kwa pepo hizo mbili. Leo meli haitegemei upepo. Vyombo vimerahisishwa mno, hasa tangu Aprili mwaka 1956, meli iitwayo Ideal X ilipotoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, ikiwa na makasha 58 ya chuma juu yake, na hivyo kuanza desturi ya makontena. Zamani watu walibeba gunia moja moja kwa siku nyingi kupakia meli moja. Sasa winchi huinua kasha zima na yote yaliyomo. Lakini msimu haukuondoka. Umehama tu. Ulikuwa angani, sasa uko katika sikukuu ya watu wengine, na asiyeujua hukwama vile vile kama nahodha aliyechelewa kaskazi.

Miavuli ilikuwa tayari katikati ya Machi. Tukalipa zile dola 2,520 zilizobaki. Meli ikaondoka mwisho wa mwezi, ikafika Dar es Salaam katika siku za mwisho za Aprili, na Aprili ile mvua ya Rungwe ilinyesha kama kwamba inatudhihaki. Dada aliuza miavuli ishirini aliyoinunua Kariakoo, ikaisha kwa siku mbili.

Bandarini tulikwama tena, kwa herufi moja. Katika hati ya shehena, ambayo mawakala huiita BL, jina la dada liliandikwa kwa herufi isiyolingana na ile ya hati yake ya mlipa kodi. Hati ya shehena ndiyo inayosema mali ni ya nani, na aliye nayo ndiye mwenye mali. Haiwezi kuwa na jina la mtu asiyekuwapo. Ikabidi kumwandikia mwuzaji, naye awaambie wenye meli, nao waandike upya. Siku tisa. Na mali ikikaa bandarini kupita siku ilizosamehewa, huanza kudaiwa pango kwa kila siku. Tulilipa. Nikamlaumu mwuzaji kwa uchungu, mpaka nilipoifungua barua yangu ya Novemba nikaona kwamba ni mimi niliyeliandika jina lile vibaya. Sikumwambia dada siku ile. Nilimwambia baadaye, naye akasema alikwisha kuliona, kwa kuwa jina ni lake.

Mzigo ukafika Tukuyu mwezi wa Mei, siku ya kumi na saba, maboksi hamsini, kila moja miavuli arobaini na minane. Jua lilikuwa linawaka.

Dada alifungua boksi la kwanza, akatoa mwavuli, akaufungua. Mzuri. Wa pili, mzuri. Akafungua boksi lililokuwa chini kabisa, akatoa mmoja, akaushika, na kabla hajaufungua nikaona uso wake umebadilika. Ulikuwa mwepesi. Mbavu zake zilikuwa nyembamba kama waya wa kuchokolea pamba, na alipoupindisha kidogo ubavu mmoja ukakunjika usirudi. Hakusema neno. Akaagiza watoto wavute maboksi yote, na kwa siku tatu nyumba yake ilikuwa na miavuli kila mahali, kitandani, jikoni, juu ya migomba, wanawe na majirani wakifungua na kufunga. Katika miavuli 2,400, ilionekana 610 ya mbavu nyembamba, na mingine katika hiyo kushona kwake kulikuwa kumeachia.

Nikamwandikia mwuzaji barua kali. Jibu lake lilikuja kesho yake, la upole kabisa. Alisema: Bwana, uliagiza miavuli myeusi, mirefu, mbavu nane, mpini wa mti. Tafadhali hesabu mbavu. Ankara haikutaja unene.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza pia. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwarudishia wanafunzi insha zao, nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: Eleza zaidi, mwavuli wa namna gani? nyumba ya namna gani? Nilikaa na barua ile mbele yangu nikaona wino wangu mwenyewe. Dada alikwisha kuijaribu sampuli kwa ndoo ya maji; alijua uzito ambao ubavu unapaswa kuchukua; ujuzi wote ulikuwa kwake. Lakini aliyeandika ni mimi, wala sikumwuliza niandike nini. Nilimwuliza tu rangi. Kama ningaliandika unene wa ubavu kwa milimita, na uzito wa mwavuli mmoja kwa gramu, na kwamba mali yote ifanane na sampuli iliyotiwa sahihi na kubaki kwetu, tena kwamba mkaguzi aifungue baadhi ya mizigo kabla ya malipo ya pili, huyu mtu asingekuwa na la kusema. Wako wakaguzi huko ambao kazi yao ni hiyo, hulipwa kwa siku. Wengine wanadhani ukaguzi wa serikali unatosha, kwa sababu tangu mwaka 2012 Shirika la Viwango la Tanzania limetaka bidhaa nyingi zikaguliwe huko zinakotoka. Lakini ukaguzi ule hutazama kama bidhaa inafuata kiwango cha nchi. Haujui wewe ulipatana nini na mwuzaji wako.

Sasa nitasema jambo ambalo sikupenda kulisema. Usiku ule nilimshauri dada achanganye. Nilisema, "Mvua haipo. Watu watanunua sasa kwa bei ya chini, wataweka ndani mpaka Novemba. Mwavuli ukivunjika Novemba, nani atakumbuka?" Nilisema hivyo mimi, ambaye watoto wa watu huletwa kwangu nifundishe. Nilikuwa nafikiri juu ya mwisho wa Juni, na juu ya jina langu katika chama cha waalimu. Dada alikuwa akikunja kitambaa. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ukifundisha vibaya, mtoto anahamia darasa jingine. Mimi wananikuta hapo hapo sokoni, na mwavuli wao mkononi." Akaenda kulala.

Asubuhi akamwita fundi wa miavuli, mzee ambaye hukaa karibu na kituo cha mabasi na koleo yake na kopo la nyaya. Wakakaa pamoja wakaamua hivi: miavuli 200 katika ile mibovu ivunjwe, vifaa vyake vitumike kutengeneza 400, ubavu ukisaidiwa na kipande cha ubavu mwingine. Fundi alitaka shilingi 1,000 kwa kila mmoja. Kumi ikabaki haifai kitu, watoto wakaichukua. Ile 400 dada aliiuza kwa shilingi 5,000, akaifunga utepe mwekundu mpinini, na kila aliyeuliza aliambiwa: huu umetengenezwa. Iliisha kabla ya ile mizuri, jambo nililolistaajabia sana.

Lakini Juni ilifika. Mkutano wa kikundi ulikuwa Jumamosi, nami nilikwenda nikakaa nje chini ya dirisha. Dada alisimama akawaeleza yote, hata habari ya herufi, hata barua yangu, bila kupunguza. Alikuwa amerudisha milioni mbili kati ya tano. Mama mmoja akamsema kwa ukali, kwamba fedha za wajane si za kuchezea na Wachina. Na kweli zilikuwa fedha za wajane. Mwisho wakampa mpaka Desemba, na faini. Karo ya muhula wa pili haikuwapo. Mtoto alikaa nyumbani majuma matatu, anafungua na kufunga miavuli dukani kwa mama yake, mpaka nilipouza mtamba wangu mmoja nikamlipia. Baba yangu, ambaye ng'ombe yule alizaliwa zizini mwake, hakuniuliza sababu, nami nilifahamu kwamba amekwisha kuambiwa.

Mvua ilianza Novemba. Desemba deni lilikwisha. Dada alipofanya hesabu yote, pango la bandari, faini, riba, fundi, na ile mizuri kama mia tano aliyoiuza kwa shilingi 8,000 wakati wa kiangazi ili apate fedha, faida iliyobaki ilikuwa shilingi milioni moja na laki moja na kidogo. Nilidhani atasema hatarudia. Mwezi wa Januari 2020 alinijia tena jioni, akaweka mezani daftari la shule. Ndani yake alikuwa amechora mwavuli, kwa kalamu ya risasi, akauandika kila mahali: hapa unene huu, hapa nyuzi mbili, hapa chuma kisipakwe rangi tu bali kichovywe. Alikuwa ameazima mizani ya mwenye duka la dawa akaupima mwavuli mzuri.

Agizo hilo halikwenda. Majuma machache baadaye viwanda vya Uchina vilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na mwaka 2021 nauli za makontena zilipanda kupita kiasi duniani kote. Daftari likakaa kabatini mwangu miaka miwili. Tulipoagiza, katika mwaka wa 2022, niliandika barua nikiwa nimekaa naye, neno kwa neno, yeye akisema kwa Kiswahili nami nikigeuza. Mwuzaji mwingine akajibu kwamba mwavuli wa namna hiyo si dola moja na nusu, ni moja na senti themanini na tano. Nilimsomea dada. Akachukua punje za maharagwe akazipanga mezani, akazihesabu kimya kimya, akaondoa tatu, akarudisha moja.

"Mwandikie tumekubali," akasema. "Na umwulize mwaka huu wanafunga lini."